Fedha za Ufadhili Zina Mwenyewe

Septemba 1959 ndege ya kukodi iliruka kutoka Nairobi kwenda New York ikiwa na wanafunzi 81 wa Kiafrika. Mwenye mpango alikuwa Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya. Nauli ilichangwa na Wamarekani, na majina makubwa kama la Jackie Robinson, mcheza besiboli, na Harry Belafonte, mwimbaji, yalitumika kuwashawishi watu watoe. Mwaka uliofuata familia ya Kennedy ikatoa dola 100,000 kwa safari nyingine, na katika kundi hilo ndimo alimokuwamo Wangari Maathai, akielekea chuoni Kansas. Mwaka huohuo wa 1960 Moscow ilifungua chuo kikuu kwa ajili ya vijana wa Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, kikapewa jina la Patrice Lumumba mwaka 1961. John Kennedy alikuwa anagombea urais na alihitaji kura za Wamarekani weusi. Wasovieti walihitaji marafiki katika nchi zilizokuwa zinajitawala moja baada ya nyingine. Vijana walihitaji shahada. Kila mmoja alipata alichokifuata, au angalau sehemu yake.

Miaka zaidi ya 60 imepita, na hesabu ile haijabadilika sana. Ufadhili wa masomo na ruzuku ya utafiti ni fedha zilizotoka katika bajeti ya serikali fulani, au katika mfuko wa wakfu fulani, zikatengewa lengo lililoandikwa. Anayeamua nani apewe ataulizwa siku moja na wakubwa wake fedha zimefanya nini. Mwombaji asiyelijua hili huandika barua ya kuomba msaada. Anayelijua hujenga hoja. Kwa maoni yangu tofauti hiyo inaeleza kukwama kwa maombi mengi ya vijana wetu kuliko GPA, kuliko Kiingereza, na kuliko ile kauli ya vijiweni kwamba nafasi hizi zina wenyewe.

Tazama Chevening. Ulianza mwaka 1983, unalipiwa na wizara ya mambo ya nje ya Uingereza, na unagharimia shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Insha zake fupi zinauliza umeongoza nini, unajenga vipi uhusiano na watu, kwa nini Uingereza na kwa nini kozi hizo tatu ulizochagua, na kazi yako inaelekea wapi. Soma maswali hayo taratibu utamwona mtu wanayemtafuta: atakayekuwa katibu mkuu, mhariri au mbunge miaka 15 ijayo, na atakayepokea simu ya balozi wao. Sasa tazama ufadhili wa Jumuiya ya Madola, uliokubaliwa Montreal mwaka 1958 na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1960. Serikali ni ileile, lakini mfuko ni wa misaada ya maendeleo, na mwombaji hutakiwa achague mojawapo ya mada sita, kwa mfano kuimarisha mifumo ya afya au sayansi na teknolojia kwa maendeleo, kisha aoneshe jinsi masomo yake yatakavyofika kwa watu nyumbani. Anayenakili insha ya Chevening na kuibandika huku anajibu swali ambalo hakuulizwa.

Fulbright nayo ina asili yake. Seneta J. William Fulbright aliipitisha sheria yake mwaka 1946, na fedha za mwanzo zilitokana na kuuza mali za kivita zilizobaki ng'ambo baada ya vita. Lengo lilikuwa watu wa mataifa wafahamiane, na hadi leo wasaili wake hupenda kumjua mtu mwenyewe: utawaeleza nini Wamarekani kuhusu kwenu? DAAD ya Ujerumani inathamini sana wanataaluma, na mhadhiri msaidizi anayetaka kurudi kufundisha ana nguvu kubwa mbele yake. Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya, ni kozi za pamoja za vyuo vya nchi mbalimbali. Zinalipa euro 1,400 kwa mwezi na zinataka mtu aeleze kwa nini kuhama chuo na nchi katikati ya masomo kunamfaa kitaaluma, mbali na hamu ya kuona dunia. Japani, kupitia wizara yake ya elimu, MEXT, inawataka wanafunzi wake wa utafiti waoneshe mpango wa utafiti na maabara wanayoelekea.

Basi chukua muuguzi mmoja wa hospitali ya wilaya. Chevening ataieleza jinsi alivyopanga upya zamu za wodi ya wazazi na jinsi alivyowabembeleza wakubwa wakakubali. Jumuiya ya Madola ataieleza mama wanafia wapi njiani na ni kiungo gani cha mfumo anachokwenda kujifunza kukiunga. Kwa chuo cha Ujerumani ataeleza kwamba chuo cha uuguzi cha mkoani kwao hakina mwalimu wa takwimu za afya na yeye anataka kuwa mwalimu huyo. Habari ni za kweli zote, ila kila mlango umepelekewa sehemu inayouhusu. Wapo wanaouona huu kuwa unafiki. Mimi nauona kuwa adabu ya kumsikiliza anayekuuliza.

Ukisoma rasimu za waombaji wa Tanzania na Kenya utakutana mara kwa mara na ukurasa uleule: nimezaliwa katika familia duni ya watoto wanane, nimetembea kilomita nyingi kwenda shule, baba alifariki, Mungu akanisaidia, naomba na ninyi mnisaidie. Yote yanaweza kuwa kweli, na hakuna la kuonea aibu. Lakini kamati inayochagua watafiti haitoi alama kwa dhiki. Ipo mifuko inayozingatia hali ya kipato waziwazi, kama mpango wa wasomi wa Mastercard Foundation ulioanza mwaka 2012, na kwenye ufadhili kadhaa wa Jumuiya ya Madola mwombaji hutakiwa athibitishe kwamba bila ufadhili huo asingeweza kusoma Uingereza. Huko eleza hali yako kwa maneno machache na yaliyonyooka. Kwingineko, ukiitaja dhiki, itaje kwa sababu ilikufundisha kitu unachokitumia katika kazi yako. Binti aliyekulia kando ya Ziwa Rukwa, akaona maji yakipanda na kushuka na wavuvi wakihama nayo, ana jambo la kumwambia profesa wa sayansi ya maji ambalo profesa hakulipata vitabuni. Hapo maisha magumu yamegeuka maarifa.

Lakini kabla hoja haijasomwa kuna chekecheo, na wengi huishia hapo bila hata kujua. Masharti ya kustahili huhakikiwa na karani au na mfumo wa kompyuta, na wote wawili hawana huruma. Chevening inataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, yaani karibu miaka miwili. Kwa MEXT, wanafunzi wa utafiti huwa wanatakiwa wawe chini ya miaka 35. Serikali ya China huweka miaka 35 kwa uzamili na 40 kwa uzamivu. DAAD katika programu zake nyingi haitaki shahada yako ya mwisho iwe imepita miaka sita. Mambo haya hayajadiliwi. Kijana aliyemaliza shahada ya kwanza akakaa mtaani miaka saba akisubiri ajira hupigwa mara mbili, kwa kukosa uzoefu na kwa shahada iliyozeeka; kwa hiyo ni vizuri kuyajua mapema, hata kabla ya mahafali.

Njia yenyewe ya kuombea nayo huwapoteza watu. Ufadhili wa Eiffel wa serikali ya Ufaransa hauombwi na mwanafunzi; chuo cha Ufaransa ndicho kinachompendekeza, na umri haupaswi kuzidi miaka 25 kwa uzamili na 30 kwa uzamivu. Kijana wa Bukavu au Bujumbura anayesubiri kuona fomu ya Eiffel atasubiri sana. Kazi yake ni kuomba chuo mapema na kukiambia wazi kwamba anataka kupendekezwa. Sehemu ya ufadhili wa Jumuiya ya Madola nayo hupitia kwa wakala wa uteuzi nchini, ambaye huwa wizara ya elimu, chuo au shirika, na wakala huyo ana tarehe yake inayotangulia ile ya London. Kila mwaka kuna watu wanaokamilisha fomu ya mtandaoni kwa ustadi mkubwa bila kujua kwamba wizara ilifunga dirisha wiki kadhaa zilizopita. Na kwa kuwa Burundi na Kongo si wanachama wa Jumuiya hiyo, mlango huo kwao haupo. Wakongo wana milango mingine, hasa ya Ubelgiji, kupitia ARES ya upande wa Kifaransa na VLIR-UOS ya upande wa Kiflemi.

Halafu kuna majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Salma Juma Hamisi, cheti cha kuzaliwa kinasema Salma Juma, kitambulisho cha taifa kina Salum badala ya Salma kwa kosa la mwandishi, na pasipoti imefuata kitambulisho. Hapa kwetu tunachukulia kwamba watu wataelewa. Ofisi ya udahili ya Stockholm au Osaka haitaelewa. Inaona watu watatu. Kurekebisha kunahitaji kiapo mbele ya wakili au hakimu, kunahitaji kwenda RITA kwa cheti cha kuzaliwa na NIDA kwa kitambulisho, na hakuna mahali hapo panapokwenda kwa kasi ya dirisha la maombi. Vivyo hivyo nakala ya matokeo. Vyuo vyetu vingine huchukua wiki nyingi kuitoa, na mhitimu anayeidai siku kumi kabla ya tarehe ya mwisho humlaumu msajili kwa jambo ambalo kalenda ilimwonya. Nakala hiyo iambatanishe pia na maelezo ya mfumo wa alama. Kwa viwango vya vyuo vikuu vya Tanzania, daraja la pili la juu linaanzia GPA ya 3.5 kati ya 5. Msomaji wa nje aliyezoea mizani ya 4 anaweza kuiona 3.6 yako kuwa karibu na ukamilifu, au akaigawa kwa kanuni yake akaiona hafifu. Ukurasa wa nyuma wenye ufafanuzi wa madaraja, uliogongwa muhuri, unaondoa utata huo.

Sasa barua za wadhamini, maana hapa tuna desturi zetu. Mwanafunzi humwendea profesa mwenye jina kubwa, ambaye hamkumbuki, na profesa humwambia, "Andika mwenyewe mwanangu, uniletee nisaini." Barua inayozaliwa hivyo inanuka mbali: sifa tele, tukio hata moja hamna. Anamsifu mwanafunzi kwa bidii, uaminifu, ucha Mungu na usafi. Wasomaji wa kamati wamezoea barua zinazosema kwamba katika darasa la watu 140 huyu alikuwa mmoja wa watatu walioligundua kosa katika data za mazoezi, na alikuja ofisini kulieleza. Mdhamini ni kama mshenga: akifika ukweni akawa hajui hata mposaji anafanya kazi gani, posa imeharibika kabla ya mahari kutajwa. Afadhali mhadhiri kijana aliyesimamia tasnifu yako, hata kama hana cheo cha profesa. Mpelekee wasifu wako, tangazo la ufadhili, rasimu ya insha yako, na ukumbusho wa kazi mliyofanya pamoja, tena mwezi mzima kabla. Shikamoo peke yake haitoshi. Na wahadhiri nao wana la kujibu hapa: kumwachia mwanafunzi ajiandikie barua ni kumnyima kitu pekee alichokuja kukutafuta, yaani ushahidi wa mtu mwingine.

Kiini cha ombi la masomo ya juu au la utafiti ni swali lako. Rasimu ya kwanza ya karibu kila mtu husema anataka kutafiti usalama wa chakula barani Afrika, au athari za mabadiliko ya tabianchi kwa jamii, au nafasi ya TEHAMA katika elimu. Hayo ni maeneo, na maeneo hayafadhiliwi. Nichukue mfano mmoja niufuate hadi mwisho.

Sumukuvu hutokana na fangasi wanaoota kwenye mahindi na karanga, hasa mazao yakipata ukame shambani na kisha unyevu ghalani. Mwaka 2004 mlipuko wa sumu hiyo mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwa zimeathirika zaidi, uliwapata watu 317 na kuua 125. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Mwanafunzi wa sayansi ya chakula anayeandika kwamba "sumukuvu ni tatizo kubwa Afrika na linahitaji utafiti" amesema kweli, na hajasema kitu. Wa pili anasema: mahindi yanayohifadhiwa majumbani Kiteto, mkoani Manyara, je, sumukuvu huzidi kwa sababu ya namna yanavyokaushwa au kwa sababu ya chombo yanamohifadhiwa? Huyu ameanza kusikika. Wa tatu anaongeza kwamba atachukua sampuli katika kaya kadhaa mara tatu, wakati wa mavuno, baada ya miezi mitatu na baada ya miezi sita. Kwamba nusu ya kaya zitapewa mifuko isiyopitisha hewa na nusu zitaendelea na viroba vya kawaida. Kwamba unyevu utapimwa palepale na sumu itapimwa maabara. Na kwamba anataka kwenda chuo fulani Ubelgiji kwa sababu kuna maabara inayopima aina nyingi za sumu za fangasi kwa mkupuo mmoja, jambo analolikosa nyumbani. Wa tatu ndiye atakayeitwa.

Tazama alichofanya. Swali limekuwa dogo kiasi cha kujibika ndani ya muda na fedha zilizopo. Sababu ya kwenda nje imetokana na kazi yenyewe, haikubandikwa mwishoni. Na anajua mambo ambayo mshindani wake kutoka chuo kikubwa cha Ulaya hayajui: kwamba msimu wa mavuno ukichelewa mahindi huanikwa chini, juu ya udongo, kwamba mwanamke ndiye anayechambua punje mbovu na mara nyingi hazitupi, hupewa kuku au hutengwa kwa ajili ya pombe. Maarifa ya namna hii tunayadharau kwa kuwa tuliyapata bila karo. Kwa mfadhili wa utafiti ni mali.

Ruzuku za utafiti hasa, tofauti na za masomo, zina mahali pengine ambapo watu huanguka: bajeti. Bajeti ni hoja iliyoandikwa kwa tarakimu, na msomaji mzoefu huanza nayo. Akikuta gari la shilingi milioni mia, kompyuta tatu na "dharura" ya asilimia 20, amekwisha kukufahamu. Akikuta posho za wasaidizi wa utafiti kwa siku kadhaa, nauli ya basi hadi Kibaya, makao ya wilaya ya Kiteto, na pikipiki ya kukodi hadi vijijini, vitendanishi vya maabara, ada ya kibali na gharama ya kurudisha matokeo kwa wanakijiji, anaona mtu aliyekwisha kufika huko. Kibali chenyewe kipangie muda. Tanzania Bara utapitia COSTECH, na ukigusa afya ya binadamu utahitaji pia idhini ya maadili, ambayo kitaifa hutolewa kupitia NIMR. Zanzibar ina utaratibu wake. Kenya kuna NACOSTI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, na Uganda kuna UNCST. Ruzuku ya miezi 12 inayosahau miezi ya kusubiri vibali tayari ni ruzuku ya miezi tisa au pungufu.

Anayeanza asirukie mifuko mikubwa ya mamilioni ya dola. Taasisi ya IFS, iliyoanzishwa Stockholm mwaka 1972, imekuwa ikiwalenga wanasayansi chipukizi wa nchi zinazoendelea, kwa ruzuku zilizo ndogo kwa makusudi. CODESRIA ya Dakar imekuwa ikiwasaidia wanafunzi wa sayansi za jamii kumalizia tasnifu zao. OWSD ya Trieste imekuwa ikiwafadhili wanawake wa nchi zilizo nyuma kisayansi wasome uzamivu katika nchi nyingine za Kusini. Fedha ndogo uliyoitumia vizuri na kuitolea ripoti kwa wakati ndiyo kumbukumbu atakayoiangalia mfadhili wa pili.

Kuhusu kumwandikia msimamizi mtarajiwa nitasema kidogo tu. Barua pepe iwe ya aya tatu, na iwe imeandikwa kwa mtu huyo. "Dear Sir" iliyotumwa kwa profesa mwanamke hufutwa. Taja kazi yake moja uliyoisoma na swali uliloliona ndani yake, eleza lako, uliza kama anapokea wanafunzi mwaka ujao. Asipojibu baada ya wiki mbili au tatu mkumbushe mara moja kwa heshima, kisha endelea na mwingine. Kuna kijana atakayesema kwamba akili mnemba inamwandikia yote hayo kwa dakika mbili. Inaandika, ndiyo, na imewaandikia na wengine elfu, na matokeo yake ni insha zenye sentensi laini zinazofanana kama sare za shule. Itumie kusahihisha Kiingereza ukipenda, mahali ambapo masharti yanaruhusu. Mambo ya Kiteto haiyajui.

Matapeli wapo, na vishoka wapo. Chevening, Jumuiya ya Madola, Fulbright na DAAD hazimtozi mwombaji ada ya kuomba ufadhili. Vyuo vingine hutoza ada ya udahili, hasa Marekani, na mara nyingi vina utaratibu wa kusamehe ada hiyo kwa anayeomba kwa maandishi. Mtu anayekwambia kwa WhatsApp kwamba umechaguliwa na unatakiwa utume laki tatu za "kuchakata faili" ni mwizi, hata akiwa na nembo ya ubalozi kwenye picha yake.

Ukipata, soma mkataba kama unavyosoma hati ya kiwanja. Chevening inakutaka urudi nchini kwako kwa angalau miaka miwili. Viza ya J-1 inayotumiwa na Fulbright ina sharti lake la miaka miwili nyumbani kabla ya kuomba aina fulani za viza za Marekani. Mtumishi wa umma anahitaji ruhusa ya mwajiri, na asiyeifuata hukuta mshahara umesimama yeye akiwa kwenye baridi. Uliza kama familia inagharimiwa. Mara nyingi haigharimiwi, au inagharimiwa nusunusu. Uliza pia fedha ya kwanza inaingia lini, maana dhamana ya chumba hudaiwa siku ya kufika na posho huweza kuchelewa.

Mwaka 2025 ulitukumbusha pia kwamba mwenye fedha anaweza kubadili nia. Marekani ilisitisha malipo ya programu nyingi mwanzoni mwa mwaka, USAID ikafungwa rasmi tarehe 1 Julai, na Juni karibu wajumbe wote wa bodi ya Fulbright walijiuzulu wakilalamikia serikali kuingilia uteuzi. Mwezi huohuo wa Juni Burundi iliwekewa vizuizi vya viza vilivyowagusa wanafunzi. Uingereza nayo ilitangaza kwamba itapunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027. Anayepanga maisha yake juu ya ufadhili wa nchi moja anapanga juu ya uchaguzi mkuu wa watu wengine.

Ndiyo maana siuelewi ubaridi wetu kwa nafasi zilizopo karibu. Chuo Kikuu cha Umoja wa Afrika kilianzishwa mwaka 2011, na taasisi yake ya sayansi za msingi, teknolojia na ubunifu iko katika chuo kikuu cha JKUAT, Juja, saa moja tu kutoka katikati ya Nairobi njia ikiwa nyeupe. Inawapokea Waafrika kwa ufadhili kamili. AERC, pia ya Nairobi, imekuwa ikiwaandaa wachumi wa bara hili tangu 1988. DAAD ina fedha za kusomea ndani ya kanda yetu. Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha na Chuo Kikuu cha Sokoine zimekuwa na vituo vya umahiri vilivyofadhiliwa kupitia Benki ya Dunia. Lakini kijana wetu ataomba mara tano kwenda Ulaya kabla ya kuomba mara moja kwenda Juja, kwa sababu picha ya Juja haipendezi kwenye Instagramu kama ya theluji. Kwa mtafiti wa sumukuvu, au wa malaria, au wa madini, shahada iliyofanyiwa hapa na kipindi kifupi cha maabara huko nje huweza kumfaa kuliko miaka minne mbali na shamba analolichunguza.

Usaili ukifika, jibu swali lililoulizwa, kwa sauti yako ya kawaida. Ukiulizwa udhaifu wa utafiti wako, uonyeshe. Asiyeona udhaifu wa kazi yake hajaifikiria. Ukikosa, omba maelezo pale yanapotolewa, rekebisha, omba tena mwaka unaofuata. Mingi kati ya mifuko niliyoitaja haimhesabii mtu kosa kwa kukataliwa mara ya kwanza.

Dirisha la Chevening kwa kawaida hufunguliwa Agosti kwa masomo ya Septemba ya mwaka unaofuata, na kozi nyingi za Erasmus Mundus hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari. Kwa hiyo ndugu msomaji, kama unalenga mwaka ujao, wiki hii toa vyeti vyako vyote kwenye bahasha, vipange juu ya meza, na uhakikishe jina lako limeandikwa namna moja katika kila kimoja. Kisha nenda kwa msajili ukaombe nakala ya matokeo.